Soja Aliyetuzuia Kwetu

Mume wangu hakuwa mtu wa kuogopa mtandao hadi Julai 2023. Wiki ya mwisho ya mwezi huo mfumo wa eCitizen ulishambuliwa, kundi linalojiita Anonymous Sudan likajigamba kuwa ndilo lililofanya hivyo, na Wakenya wakajikuta hawawezi kuomba pasipoti, wala wageni viza za mtandaoni. Huduma zaidi ya 5,000 za serikali zilikuwa zimekwisha kuhamishiwa humo. Kuna waliokwama hata kununua tokeni za stima kwa simu. Eliud Owalo, aliyekuwa waziri wa habari na mawasiliano, alikiri kwamba mfumo umeshambuliwa, akaongeza kwamba hakuna data iliyopotea.

Sisi hapa Mwingi tuna laptopu moja, tena ya mtumba, yenye kitufe cha herufi ‘k’ kilichochomoka. Hakuna Msudani wala Mrusi ambaye angepanda basi la Garissa kuifuata. Lakini Baba watoto ni mtu wa asali. Ana duka la asali na ndengu kando ya barabara kuu, na miaka ya kuuziwa asali iliyotiwa sukari guru imemfundisha kushuku chochote chenye mfuniko. Jioni ile alifunga duka mapema, akakaa kitini bila kuvua kofia, akamwambia kifungua mimba wetu, aliyekuwa amerudi likizo kutoka chuoni Nairobi, kwamba hataki kulala usiku mwingine mlango wa mtandao ukiwa wazi.

“Lakini Baba,” akasema binti yetu, mdogo wake, “eCitizen iliangushwa kwa kumiminiwa maombi mengi ya uongo kwa mpigo. Hakuna kitu unachoweza kuweka kwenye laptopu yetu kikazuia hayo.”

“Hata kama.”

Basi kijana akaweka kiendelezi cha usalama kwenye kivinjari chetu, Firefox, akatuonyesha kialama chake chekundu juu kulia, akapanda gari kurudi chuoni. Jina la kiendelezi hicho nalisitiri, kwa kuwa aliyekitengeneza ni mtu mmoja anayejitolea baada ya kazi yake ya kila siku na hajatukosea lolote. Nyumbani tulikiita Soja, kama yule wa getini kwa matajiri, na jina likakaa.

Kazi ya Soja ni hii. Ukifungua ukurasa wa gazeti unadhani umefungua ukurasa mmoja, kumbe nyuma yake umeandamana msafara: skripti za gazeti lenyewe, za wauza matangazo, za wanaohesabu wasomaji, za mitandao ya kijamii inayotaka kujua umetoka wapi na unaelekea wapi, na nyingine ambazo hata mwenye gazeti hawezi kukueleza zimeingiaje. Soja huzuia zote, halafu wewe mwenye nyumba unaanza kuzitaja moja moja: huyu apite, huyu apite leo tu, huyu asionekane kabisa. Mtindo huo ulivumishwa na NoScript, kiendelezi alichokitoa Mwitaliano Giorgio Maone mwaka 2005, ambacho mpaka sasa huja ndani ya Tor Browser, kivinjari wanachokitegemea wanahabari na wanaharakati wanaohofia kufuatiliwa. Ni ulinzi wa maana. Tatizo ni kwamba umeundwa kwa ajili ya mtu anayejua anachokitafuta, na nyumbani kwetu kila mtu anatafuta chake.

Wa kwanza kugonga mwamba alikuwa mama mkwe. Watoto humwita Susu, mimi namwita mwaitu, na jioni yake haikamiliki bila benga ya Kakai Kilonzo. Alikuwa ameketi na katani yake, akiisokota pajani kwa ajili ya kiondo, binti yangu akamwekea wimbo. Pakatokea mraba mweusi wenye alama ya kuuliza.

“Kakai amefanya nini?” akauliza.

“Amezuiwa, Susu.”

“Na nani? Mtu amekufa tangu 1987!”

Mimi nami, mwalimu wa shule ya msingi, nilifungua ukurasa wa kuchukua hati yangu ya mshahara nikapewa karatasi nyeupe pe, isiyo na hata mstari. Binti akakosa ramani, kisha video za kemia. Baba watoto mwenyewe akakosa matokeo ya mpira, lakini kwa kuwa Soja alikuwa wazo lake, alisema heri hivyo, mpira unapoteza muda. Kila aliyetaka kupita ilibidi amwite yeye kutoka dukani aje kusoma majina ya vikoa, huku ameshika miwani, akiuliza, “Hawa ni kina nani? Wanatoka wapi? Mbona wako wengi?” Maswali mazuri sana, ila hayakuwa na mtu wa kuyajibu.

Shemeji peke yake hakulalamika. Ni mdogo wake Baba watoto, anaishi nasi akisaidia kupima ndengu dukani. Huyu ni mtu anayelalamikia chumvi, jua, godoro na kocha wa Arsenal. Kuhusu Soja hakutia neno.

Mwaka ukapita hivyo, tukazoea. Mwingi ni mji uliozoea kupanga maisha kwa kilichopo. Maji yanatoka mbali huko bwawa la Kiambere na kila nyumba inajua kujaza mitungi mfereji unapokuja. Tulijifunza vivyo hivyo kufungua kurasa zetu zote Baba watoto akiwa nyumbani.

Kisha ikafika Jumapili ya 30 Juni 2024. Mkenya yeyote mwenye PIN ya kodi anaijua tarehe hiyo bila kalenda: ndiyo mwisho wa kuwasilisha ritani za mwaka uliotangulia, na mtu binafsi akichelewa mamlaka ya kodi, KRA, humtoza 2,000/= au asilimia 5 ya kodi anayodaiwa, kutegemea ipi ni kubwa. Juni ile ilikuwa ya moto. Siku tano kabla vijana walikuwa wameingia Bungeni kuupinga Mswada wa Fedha, na kesho yake Rais akatangaza kwamba hatautia saini. Binti yetu, aliyekuwa ameshinda wiki nzima akifuatilia habari hizo kwenye simu, alinitazama nikipanga fomu yangu ya mshahara, P9, mezani akaguna.

“Mama, hata wiki haijaisha unawapelekea?”

“Mswada umekufa,” baba yake akamjibu. “Faini iko hai.”

Nikaandika PIN. Nikabonyeza kitufe cha kuendelea. Kilibonyea, kikabadilika rangi kidogo, kikarudi. Ukurasa haukujongea. Nikabonyeza tena. Wanaoujua mfumo wa iTax watakumbuka kwamba baada ya PIN huja nywila, pamoja na hesabu ndogo ya kujumlisha au kutoa, ili kuhakikisha wewe ni binadamu. Mimi hesabu hiyo sikuiona. Nilikuwa binadamu ambaye hajapata hata nafasi ya kuthibitisha.

Baba watoto akavaa miwani. Akaruhusu kikoa kimoja. Ukurasa ukajifungua upya, PIN ikafutika. Akaruhusu cha pili, PIN ikafutika. Kuna kitufe cha kuruhusu vyote kwa muda, binti akamwonyesha, lakini akakataa kata kata, akisema hakumweka soja getini ili siku ya wageni amwambie akalale. Saa nne ikapita. Saa tano ikagonga. Bando likaanza kuonya kwamba linakaribia kwisha. Susu, ambaye hana PIN wala ritani, aliacha katani akaja kusimama nyuma yetu kama shahidi.

Ndipo shemeji, akiwa amelala kwenye kochi na mto usoni, akasema bila kuuondoa: “Bonyeza kialama, usiguse cha kwanza, chagua cha tatu kutoka chini, weka ‘daima’, halafu funga ukurasa wote ufungue tena. Ukifungua upya tu haukubali.”

Tukafanya hivyo. Nywila ikaja. Hesabu ikaja: jumlisha tu, ya mtoto wa darasa la pili. Ritani zikaenda, cheti cha kupokelewa kikashuka, na saa ya ukutani ilikuwa bado haijafika sita. Nilitaka kulala. Baba watoto hakutaka. Alikuwa amemgeukia mdogo wake.

“Wewe umeyajulia wapi?”

Mto ukabaki usoni.

Kila Soja wa aina hii ana orodha ya walioruhusiwa daima. Hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kuifungua, kwa sababu imefichwa kwenye mipangilio na imejaa majina ya ajabu. Usiku ule Baba watoto aliifungua. Tovuti ya kubeti ilikuwapo na wasaidizi wake wote, mmoja baada ya mwingine, zimeruhusiwa kwa ustadi ambao fundi wa benki angeuonea wivu. Shemeji alikuwa amemfundisha Soja kumfungulia mlango wa nyuma kila Jumamosi.

Laiti orodha ingeishia hapo. Chini ya tovuti ya kubeti palikuwa na ukurasa wa mnada wa malori, na mwenye kuruhusu malori alikuwa Baba watoto mwenyewe, aliyeniambia mwezi uliopita kwamba hakuna pesa ya kukarabati paa. Palikuwa na chuo cha ubaharia cha Bandari, Mombasa, na hapo binti yetu akainama. Mtoto aliyelelewa ambako mto ni mchanga mtupu sehemu kubwa ya mwaka alikuwa ameamua kwenda kuwa mhandisi wa meli, na alikuwa akingoja tu afike kwenye mfumo wa KUCCPS wa kuchagua kozi za vyuo ndipo atuambie. Palikuwa pia na kampuni inayouza ploti Matuu. Kuhusu ploti za Matuu nilisema nitaeleza asubuhi.

“Kakai naye yuko?” Susu akauliza.

Kakai hakuwamo. Katika nyumba nzima, yeye pekee ndiye aliyekuwa akiomba ruhusa kila siku.

Kikao kikaitishwa Jumapili iliyofuata. Stima ilikuwa imekatika, sufuria ya muthokoi iko jikoni inatokota, taa ya sola iko katikati ya meza, na binti yuko na fulskapu na kalamu. Ajenda ilikuwa kumwandikia mtengenezaji wa Soja, kumweleza yaliyotupata na kumwomba aongeze mambo. Kifungua mimba alikuwa kwenye simu kutoka Nairobi, spika imefunguliwa, na ndiye aliyetoa wazo hilo: watu hawa hupokea maombi, alisema, ukiomba vizuri wanaweza kukuwekea katika toleo lijalo.

Sijawahi kuona watu wakijianika hadharani namna ile kwa hiari yao. Ombi lolote lililotajwa lilikuwa na mwenyewe nyuma yake, na kila mtu mezani alimwona. Baba watoto alitaka mipangilio ifungwe kwa nywila, asiweze mtu kuongeza jina bila yeye. Shemeji akataka orodha ya walioruhusiwa isionekane kwa wengine, na alipoulizwa kwa nini, akataja Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019, mtu ambaye sijapata kumsikia akitaja sheria yoyote nyingine. Binti akataka kila mtu awe na orodha yake. Kutoka Nairobi kaka yake akasema hilo halihitaji kuombwa, Firefox inaruhusu wasifu tofauti kwa kila mtumiaji. Shemeji akainuka kitini. Baba watoto akasema nyumba yake haitakuwa na milango ya siri, hoja ikafungwa. Mimi niliomba kitufe cha kuruhusu kwa saa moja, kisha kijifunge chenyewe bila kukumbushwa. Walinitazama, nao wakaiona Matuu.

Susu alisubiri tukamaliza. Uzi wa katani ulikuwa umefika magotini.

“Mwandikieni hivi,” akasema. “Mtu akinifukuza mlangoni mwake ni haki yake. Lakini aniambie kwa nini. Huyu wenu ananionyesha kitu cheusi na kuuliza swali mimi, na mimi ndiye niliyekuja kuuliza.”

Binti akaandika. Nadhani ndilo ombi pekee usiku ule lililokuwa la kumtengeneza Soja. Mengine yalikuwa ya kutengenezana sisi kwa sisi.

Barua yenyewe ilizua kesi nyingine. Susu alitaka ianze kwa kumjulia mtu hali, yeye na wazazi wake, na kumweleza kwamba mvua ya Machi haikuwa mbaya. Kifungua mimba akasema hapana, watu wa programu wanataka namba ya toleo, aina ya kompyuta na hatua za kuirudia hitilafu, moja baada ya nyingine. Wakafikia mapatano: salamu mstari mmoja, hatua zifuate. Nimeihifadhi nakala. Hatua ya kwanza inasema: “Ngoja stima irudi.”

Barua ikaenda. Baba watoto, akingoja jibu, akaanza kusoma usiku habari za viendelezi, na kama kawaida yake akawa mtaalamu kabla ya mwezi kwisha. Alimpenda sana yule Mwitaliano wa NoScript. Wateja waliokuja kununua asali walipewa na habari zake: kwamba tarehe 14 Novemba 2017 Firefox 57 ilitoka ikiwa imejengwa upya, viendelezi vya mtindo wa zamani vikazimika kwa mkupuo, na walioitegemea NoScript wakabaki wazi hadi Maone alipotoa toleo la 10 lililoandikwa upya, baadaye mwezi huo huo. Na lilipotoka, wakamnung’unikia kwa kuwa vitufe havikuwa mahali pake pa zamani! Mzee mmoja kutoka Ngomeni aliuliza kama huyo ni katika wale Waitaliano waliokuwa wakirusha setilaiti baharini; ikabidi aelezwe kwamba ile ni Ngomeni nyingine, ya karibu na Malindi, na kwamba urushaji wenyewe ulianza 1967 ukakoma 1988.

Kisa alichokipenda zaidi ni cha Mei 2019. Viendelezi vya Firefox huwa na sahihi ya kidijitali, na usiku wa kuamkia Jumamosi tarehe 4 cheti kilichokuwa nyuma ya sahihi hizo kiliisha muda bila mtu kukihuisha. Watu wakaamka kivinjari kimevua nguo zake zote za ulinzi, NoScript ya ndani ya Tor Browser ikiwamo. Mozilla ilituma dawa ya haraka siku hiyo hiyo, lakini kwa kupitia mlango wa majaribio ambao watumiaji makini walikuwa wameufunga zamani kwa kulinda faragha zao. Wengi wao wakasubiri toleo la 66.0.4 lililotoka kesho yake. “Mwaona?” Baba watoto alikuwa akisema, huku akifunga mfuniko wa ndoo. Sikujua tuone nini. Nilivyosikia mimi, waliojifunga sana ndio waliokawia kusaidiwa.

Jibu likaja Agosti, fupi na la adabu. Mtengenezaji alitushukuru kwa kueleza hatua vizuri, ya kwanza ilimchekesha. La nywila wengi walikuwa wameshaliomba na lilikuwa katika mipango yake. Kitufe cha saa moja atakifikiria. Orodha ya siri hapana. La Susu hakuwa amewahi kuliwazia, na angependa kulifanyia kazi kabla ya mengine. Tarehe hawezi kuahidi, kwa sababu ana kazi nyingine inayomlisha.

“Hana tarehe?” Baba watoto akachukia. Huyu ni mtu anayekopesha ndengu hadi mavuno, na mavuno yetu hayana tarehe. Nilimkumbusha kwamba hatujalipa hata senti. Raymond Hill, mtengenezaji wa kiendelezi cha uBlock Origin, anajulikana kwa kukataa michango kabisa, na sababu moja naielewa vizuri: ukishapokea pesa ya mtu, anaanza kukuuliza tarehe. Na hata hivyo dhoruba ilimfikia. Google ilibadilisha kanuni za viendelezi vya Chrome, ikaanza kuwaonya watumiaji katikati ya 2024, na mwaka uliofuata kiendelezi chake kikazimwa humo, kikabaki kile chepesi chenye nguvu pungufu. Mtu anaweza kujitolea miaka kumi, kisha mwenye uwanja akauhamisha mlango.

Tukasubiri. Susu alikuwa akiuliza habari za “apdeti ya yule mtoto wa watu” na kumwombea kanisani, bila kumjua dini wala nchi. Mvua za vuli zikaja, binti akafanya mtihani wa KCSE, mwaka ukageuka.

Kilichofuata ni kazi ya Krismasi. Siku ya mkesha wa Krismasi 2024 mfanyakazi mmoja wa Cyberhaven, kampuni ya Marekani ya kulinda data, alinaswa na barua pepe ya uongo iliyojifanya imetoka Google. Wezi wakapata njia ya kuchapisha toleo jipya la kiendelezi cha kampuni hiyo cha Chrome, na kwenye sikukuu yenyewe sasisho likawafikia watu likiwa na mwizi ndani. Kiendelezi kilikuwa na watumiaji wapatao 400,000. Kilikuwa kiendelezi cha usalama, tafadhali. Kampuni ililigundua na kuliondoa upesi, lakini habari ilipofika Mwingi, Januari, Baba watoto hakusikia la kuondolewa. Alisikia la kuletwa. Alikaa na laptopu peke yake jioni moja, akatuambia amekaza mambo. Hakufafanua, nasi tulikuwa na ada za shule za kufikiria.

Februari hakuna sasisho. Machi hakuna. Baba watoto akaanza kumwandikia kijana wa watu vikumbusho, kila kimoja kikali kuliko kilichotangulia, na cha mwisho kilianza kwa “Kurejelea barua yetu”. Majibu yalikuja yaleyale, kwa upole wa ajabu: je, mnatumia toleo namba ngapi?

“Anakwepa,” Baba watoto akasema.

Kifungua mimba aliporudi Aprili alikaa mbele ya laptopu hata kabla ya kula. Akafungua ukurasa wa viendelezi, akabonyeza jina la Soja, akakuta palipoandikwa kuhusu kujisasisha kiotomatiki pamewekwa “zima”. Toleo jipya lilikuwa limetoka tangu Februari. Nchi nyingine watu walikuwa wanalitumia, wengine pengine wamekwisha kulichoka. Sisi tulikuwa tumejizuia wenyewe, halafu tunamdai mtu asiyetukopa.

Nilimtazama mume wangu. Alikuwa akiifuta miwani kwa pindo la shati, kwa makini sana, kioo cha kushoto, kisha cha kulia, kisha cha kushoto tena. “Afadhali hivyo kuliko ya Cyberhaven,” akasema hatimaye, na kusema kweli sina hoja ya kumshinda. Mtu aliyezima masasisho yote hapati sasisho la mwizi. Hapati na la daktari pia, kwa sababu mianya ya zamani huzibwa kwa njia hiyohiyo.

Kijana akaliweka. Susu akaitwa. Binti akafungua ukurasa ambao haujawahi kuruhusiwa, na mahali pa mraba mweusi pakatokea maneno kwa lugha nyepesi: video hii imezuiwa kwa sababu inaletwa kutoka tovuti nyingine ambayo hujairuhusu, ukitaka kuiona, ruhusu jina hili. Yalikuwa ya Kiingereza, binti akayafasiri. Susu akasikiliza hadi mwisho, akatikisa kichwa taratibu.

“Sasa huyo ni mtu,” akasema. “Kikamba atajifunza.”

Nywila nayo ilikuwapo. Hapo ndipo nyumba ilipogawanyika upya, kwa sababu swali halikuwa tena kama mipangilio itafungwa, bali ufunguo atakaa nao nani. Shemeji akasema si Baba watoto, mtu wa malori. Baba watoto akasema si mimi, mtu wa Matuu. Binti alikuwa njiani kwenda baharini. Kifungua mimba yuko Nairobi. Macho yote yakaenda kwa mwenye katani, ambaye ndiye mwenye funguo za ghala la nafaka tangu nimeolewa, na ambaye katika orodha yote hakukutwa na kitu.

Alitunga nywila yake kwa Kikamba, akaiandika mwenyewe kwa kidole kimoja, polepole, huku kijana amefumba macho kwa amri. Iwapo ina ‘k’, na Kikamba kisicho na ‘k’ sijakisikia, basi lazima alibonyeza ule mpira mdogo uliobaki pale kitufe kilipochomoka. Tangu hapo anayetaka jina liongezwe anakwenda kibarazani kwake kujieleza. Mimi nilikwenda na ploti za Matuu, akauliza maji yako wapi, nikajibu, akakubali. Chuo cha Bandari alikiruhusu bila kuuliza lolote. Shemeji hajakwenda mpaka leo. Jumamosi hukaa dukani na kupima ndengu kwa uangalifu usio wa kawaida.

Baba watoto alikwenda juzi. Nilikuwa nachagua maharagwe karibu, nikasikia.

“Ukurasa wa nini?”

“Wa biashara, mwaitu.”

“Biashara gani?”

“Magari.”

“Magari au gari?”

“Gari.”

“Dogo au kubwa?”

Alirudi ndani akamkuta binti anapanga vyeti vyake. Akavuta kiti, akashusha sauti, akamwambia achukue fulskapu, kuna jambo jingine la kumwomba yule kijana: pawe na njia ya mwenye nyumba kuingia hata kama mwenye nywila amekataa.

Binti akafungua kalamu. “Niandike ni ombi la nani?”

Baba watoto akafikiri. “Andika ni la baba yako mdogo.”